Niliiambia Isome, Ikawa Inaandika

Meneja alisimama mlangoni mwa ofisi yangu saa tatu asubuhi, kofia mkononi. Mtu yule hakuwa na desturi ya kuvua kofia mbele ya yeyote, kwa hiyo niliogopa kabla hajafungua kinywa.

"Dada, kuna mbegu zimetoka ghalani zina dawa," akasema, "lakini hazina rangi."

Nilielewa mara moja, na wewe itabidi nikueleze. Kampuni yetu ilikuwa mojawapo ya zile zilizoota kama uyoga serikali ilipoziachia njia biashara za watu binafsi. Tuliwapa wakulima wa mkataba mbegu za maharage, wao wakapanda, mavuno yakarudi kwetu kwenda Ulaya. Kila mbegu ya kupanda ilipakwa dawa ya kuzuia wadudu na ukungu, sumu ambayo hata ukiichemsha kutwa nzima haitoki. Ili mtu asije akaipika, dawa ilichanganywa na rangi nyekundu. Mimi mwenyewe nilisimama kwenye mikutano ya vijiji nikawaimbisha watu wazima kama watoto wa chekechea: nyekundu ni sumu, isiyo na rangi ni chakula. Na kweli ilikuwa chakula, kwa sababu kila mwisho wa msimu maharage yaliyokataliwa, madogo na yaliyopasuka, tuliwagawia wakulima wakale.

Sasa rangi ilikuwa imeisha katikati ya kazi. Mpakaji akaona akisimamisha mashine atafokewa, akaendelea na dawa tupu. Magunia sitini na moja yakatoka hivyo, meupe, yamenona. Na mvua za vuli mwaka ule zilikuwa zimegoma, watu wanakula mara moja kwa siku. Mtu mwenye njaa akifungua gunia la kampuni akakuta maharage yasiyo na rangi atasema nini? Atasema Mungu si Athumani, na atabandika sufuria.

"Nani anayo?" meneja akauliza.

Nilitaka kumwambia wewe ndiye meneja. Lakini jibu lilikuwa kwenye kompyuta yangu tu. Vile vikaratasi vya kupokelea mbegu, tukishaviingiza kwenye mashine, tulivifunga na kuvipeleka makao makuu Dar es Salaam. Hata hivyo si hilo lililonifanya nishike ukingo wa meza. Mama yangu mzazi alikuwa mkulima wa mkataba kule Nduruma, na alikuwa amechukua gunia lake katika wiki mbili zile zile ambazo magunia hayo yalikuwa yanatoka. Kama lilikuwa la toleo lile lisilo na rangi, sikujua. Simu kijijini haikuwapo. Gari zima lilikuwa moja, pikapu. La pili lilikuwa limefunguliwa injini.

"Nitoe orodha," nikasema. "Niipange kwa njia, nyumba kwa nyumba, gari lisihangaike kurudi nyuma."

Kompyuta ile ilifika kwetu ikiwa imeshatumika kwingine, na programu yake ilitengenezwa na mtaalamu mmoja aliyekuja wiki moja, akanywa chai yetu, akaondoka. Nilikuwa mtu pekee aliyeijua, na nilikuwa na majivuno nayo, sikatai. Nikachagua orodha ya wapokeaji wote, nikaiambia ipange kuanzia ghalani kwenda mbali, kisha initolee wale wa toleo lenye kasoro. Nikabonyeza.

Kwa kawaida ilikuwa ikifikiri kidogo, kisha majina yanapanda kwenye kioo. Safari hii taa nyekundu ya diski iliwaka na haikuzima. Ndani ya sanduku kukaanza mkwaruzo, krr, krr, krr, kama panya ndani ya dari. Dakika tano. Kumi. Kioo kikabaki kitupu.

"Inafanya nini?" meneja akauliza begani kwangu.

"Inasoma," nikamwambia.

Nilikuwa namdanganya, nami nikijidanganya. Nilifungua dirisha la pembeni niangalie nafasi iliyobaki kwenye diski, na nafasi ilikuwa inapungua. Nikaangalia tena. Imepungua zaidi. Nimeiambia isome majina na kuyapanga, sikuiambia iandike hata herufi moja, mbona inaandika? Na kama inaandika, inaandika wapi, juu ya nini?

Siku zile habari za virusi vya kompyuta zilivuma mjini kama habari za majini. Kila ofisi ilikuwa na mtu anayemjua mtu aliyeamka akakuta kazi ya mwaka mzima imegeuka takataka. Nakala yangu ya mwisho kwenye disketi ilikuwa ya kabla ya magunia yale kutoka. Nilikuwa nimeiahirisha wiki mbili mfululizo, kwa uvivu, hakuna jina jingine. Kwa hiyo kama mashine ilikuwa inayala majina, yangekufa hasa majina sitini na moja ninayoyatafuta, na kama mama yumo, naye angepotea humo. Nilihisi nataka kwenda chooni na nataka kulia, na vyote viwili nikavizuia kwa sababu ya yule mwanamume begani.

"Izime!" akasema. "Chomoa waya!"

"Ukichomoa waya inapoandika ndiyo utaiua."

"Sasa tufanye nini?"

"Unyamaze kidogo."

Sijui nilipata wapi ulimi ule. Akatoka.

Nikajilazimisha kufanya kitu kimoja kwa wakati. Kwanza nikalitazama faili la magunia lenyewe. Ukubwa ulikuwa ule ule wa jana, na saa ya kuguswa mara ya mwisho ilikuwa jana jioni, nilipofunga kazi. Nikapumua nusu pumzi. Halijaguswa. Kisha nikaanza kutafuta kitu kinachokua. Nikafungua jalada moja baada ya jingine, mpaka kwenye lile la vitu vya muda nikakuta faili ambalo sikulitengeneza mimi, lina jina la herufi na tarakimu zisizo na maana, na kila nikilitazama limenenepa. Lilikuwa limezaliwa dakika ile ile nilipobonyeza.

Kujua mwizi yuko chumba gani si kumjua mwizi. Niliendelea kuogopa, ila sasa hofu ilikuwa na mahali pa kukaa. Nikatoka nje nipate hewa.

Banda la kuchambulia liko mkabala na ofisi. Wanawake kumi na wawili walikuwa kwenye meza ndefu wakipanga maharage kwa ukubwa, makubwa huku, ya kati huku, madogo huku. Gunia lilikuwa limemwagwa, meza imejaa pomoni, na wawili walikuwa wamepiga magoti sakafuni juu ya turubai wakitengeneza mafungu.

"Dada wa kompyuta, mbona umepauka hivyo?" mmoja akaniuliza. "Umefiwa?"

"Bado," nikamjibu. Jibu baya. "Kwa nini mnamwaga chini?"

"Meza ni ndogo, gunia kubwa. Ikijaa tunashusha chini fungu fungu, kila fungu tumeshalipanga. Baadaye tunayaunganisha. Utafanyaje?"

Akaendelea na kazi yake. Mimi nilibaki nimesimama pale na mdomo wazi.

Mashine haikuwa inakula kitu. Meza yake ilikuwa imejaa! Ili kupanga majina lazima iyaweke yote mbele yake mahali pa kufanyia kazi, kwenye memori, na memori yetu ilikuwa ndogo ya kuhurumiwa. Ikizidiwa inashusha mafungu kwenye diski, inaandika, inasoma tena, inaunganisha, inaandika tena. Krr, krr, krr. Ndiyo maana taa haikuzima.

Lakini mbona misimu iliyopita haikuzidiwa? Hilo nililijua kabla sijafika ofisini, na uso uliniwaka. Kwetu hakuna namba za nyumba. Ukimtafuta mtu huku unaambiwa pita mfereji wa pili, uliza kwa mama fulani wa ukoo fulani, geuka penye mti wa mringaringa uliokatwa kichwa, nyumba ina ng'ombe mwenye pembe moja. Mtaalamu alikuwa ameacha nafasi ya maneno matatu tu ya anwani. Mwanzoni mwa msimu ule mimi nikaitanua ikawa nafasi ya maneno kama arobaini, nikawaandikia wakulima maelekezo yao kamili, na nikajisifu kwa meneja kwamba sasa kompyuta imejifunza Kiarusha. Sikujua kwamba programu ile inabeba nafasi nzima kwa kila mtu, hata isiyo na neno ndani. Kila jina sasa lilipanda mezani na gunia zima la maelekezo mgongoni. Isitoshe ilikuwa inawapanga wapokeaji wa misimu yote kwanza, maelfu, ndipo ichague wale sitini na moja.

Nikakaa. Nafasi kwenye diski ilikuwa imebaki kidogo mno, isingetosha. Ikijaa kabisa programu itaanguka, na ikianguka vibaya sijui itaanguka na nini. Kulikuwa na kitufe cha kuisimamisha. Sikuwahi kukibonyeza katikati ya kazi. Niliweka kidole juu yake nikasema Baba Yetu yote, tangu mwanzo hadi amina, na mimi si mtu wa kusali kazini. Nikabonyeza.

Mkwaruzo ukakatika. Kimya chake kiliniogopesha kuliko kelele. Nikatazama jalada la vitu vya muda: lile faili halipo. Nafasi ya diski imerudi. Nikahesabu magunia kwenye faili lake, na idadi ikawa ile ile niliyoiandika ukutani kwa penseli jana. Hapo machozi yakanitoka, nikayaacha.

Nikaandika ombi upya, kwa mkono wangu, bila orodha ya mtaalamu. Kwanza chagua toleo lile tu. Halafu wapange wakiwa na namba ya gunia na namba ya njia, basi, bila maelekezo. Wakishajipanga ndipo uwaletee maelekezo yao mmoja mmoja. Taa ya diski ilikonyeza mara moja tu. Majina sitini na moja yakapanda kwenye kioo kabla sijaondoa kidole.

La kwanza lilikuwa la bibi mmoja karibu na Engutoto, ambako enzi hizo mashamba yalikuwa bado yanafika mpaka barabarani. Nyumba yake ilikuwa kando ya njia. La mwisho kabisa, la sitini na moja, lilikuwa la mama yangu.

Ilikuwa saa tano. Nilipiga hesabu ya vituo. Kila nyumba lazima ushuke, usalimie, ueleze, upime kilichobaki, upakie. Kwa mpangilio ule tungefika kwa mama jua linatua. Nilimwona mama amechuchumaa jikoni anapuliza moto. Nilimwona waziwazi, na kanga niliyompa Krismasi.

Sasa nitasema jambo ambalo sikulisema kwa meneja, wala kwa mume wangu. Nilibadili neno moja kwenye ombi langu. Badala ya kuanzia karibu kwenda mbali, nikaiambia ianzie mbali kuja karibu. Ikajipanga kinyumenyume, kwa unyenyekevu kabisa, mama yangu juu. Nikaipiga chapa hiyo. Printa ilikereza, nikachana karatasi, nikamkabidhi meneja.

"Tunaanzia Nduruma?" akauliza.

"Ndivyo mashine ilivyopanga," nikamwambia.

Aliamini. Watu waliamini kompyuta siku zile kama wanavyomwamini mchungaji. Tukapanda pikapu, mimi na dereva. Nilimwambia akimbize, akakimbiza, vumbi likatufuata njia nzima. Tulipopita nyumba ile ya kwanza pale karibu na Engutoto niligeuza uso upande wa pili. Nilijiambia tutarudi, si tunarudi?

Mama tulimkuta amekaa juu ya gunia. Amelikalia kama kiti, anamenya viazi.

"Shikamoo, yeyo," nikamwita mama kwa Kiarusha huku nikikimbia.

"Marahaba. Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hayo maharage! Umeyapika?"

Akaweka kisu chini. Mama yangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kurudisha hata sindano ya kuazima.

"Nipike mbegu ya kampuni?" akasema. "Nimeweka dole gumba kwenye karatasi kwamba nitaipanda. Wewe ulidhani nitakula mbegu ya watu?"

"Haina rangi, yeyo. Nilidhani..."

"Nimeona haina rangi. Mbegu ni mbegu. Nimekulea miaka yote hiyo na hunijui?"

Dereva alicheka. Mimi nilicheka pia, kicheko cha mtu aliyetoka majini, na nikamkumbatia mpaka akanisukuma. Gunia lilikuwa halijafunguliwa hata kamba. Alikuwa amechungulia kwenye kitundu. Kila mtu aliyemjua yule mwanamke angejua kwamba katika wakulima wote sitini na moja, yeye ndiye wa mwisho wa kuhofiwa. Nilimjua. Hofu ilinisahaulisha.

Tukaanza kurudi, nyumba kwa nyumba, kufuata orodha yangu. Wengi walikuwa wanangoja mvua, magunia yameegemezwa ukutani. Wengine walikuwa wameshapanda penye mfereji. Nyumba moja walikuwa wameyaloweka pamoja na mahindi ya makande, tukamwaga, na mama wa nyumba akatutukana kwa Kimeru na dereva akakataa kunitafsiria. Kila nyumba iliyokuwa salama ilinipunguzia hofu, na kila iliyonipunguzia ilinikumbusha zilizobaki. Kila nilipotazama saa nilijua pale karibu na Engutoto ni saa ngapi. Saa saba: wanakula. Saa tisa: wameshakula. Nilimwambia dereva aongeze mwendo, akaniuliza ampite nani tena.

Tulifika kwa yule bibi saa kumi na moja. Mlango ulikuwa wazi. Kuku walikuwa wamelala uani, ubavu ubavu, na haikuwa saa ya kuku kulala. Jirani akatoka akatuambia bibi na wajukuu wake wawili wameanza kutapika baada ya chakula cha mchana, wamepelekwa hospitali kwa mkokoteni.

Walipona wote watatu. Nakwambia mapema nisikutese kama nilivyoteseka mimi, maana usiku mzima sikujua, na asubuhi nilipofika wodini mjukuu mdogo alikuwa bado hajafumbua macho. Nilikwenda peke yangu na chupa ya uji. Nilikuwa nimekusudia kumwambia bibi ukweli wote: orodha, neno moja nililolibadili, namba yake ilikuwa ngapi.

Alikuwa mwembamba, meno machache, mkono wake umefungwa dripu. Nilimpa shikamoo. Akaitikia, akanitazama nguo zenye nembo ya kampuni.

"Mlituambia nyekundu ndiyo sumu," akasema. Hakuwa anagombana. Alikuwa anataka kujua alikosea wapi.

"Ndiyo, bibi. Kosa ni letu."

"Nilijua ni yale ya kula, mnayotugawiaga." Akamtazama mtoto kitanda cha pili. "Gari lenu nililiona jana. Asubuhi, nilikuwa hata sijabandika sufuria, nachambua tu pale nje. Likapita mbio sana. Nikawapungia mkono, hamkuniona. Nikawaambia hawa watoto, wale wana mgonjwa wao huko chini, tuwaombee wafike salama. Tukaomba." Akanishika kidole. "Mlifika?"

Uji ulikuwa bado mkononi mwangu.

"Asante, bibi," nikasema. "Tulifika."